Katuni Iliyosimamisha Posa

Wanangu mnaochora katuni kwenye simu, kabla hamjanionyesha kazi zenu nawaomba kitu kimoja: msiniambie ni watu wangapi wamewatumia vile vichwa vya njano vinavyotoa machozi kwa kucheka. Hata mimi navituma. Juzi nilimtumia mpwa wangu msururu mzima, na wakati huo nilikuwa nachambua maharagwe, uso umenuna, na video yake sikuifikisha hata katikati. Alifurahi mno. Akanirudishia moyo mwekundu, tukaendelea kudanganyana vizuri tu.

Mimi ni Mama Zulfa wa Buyenzi. Nilichora katuni fupi za kuchekesha mpaka macho yakanigomea, na sasa nimestaafu, maana yake nakosoa kazi za watu nikiwa nimekaa. Wengi wenu mnanijia na swali lile lile: Mama Zulfa, nitajuaje kama kichekesho changu kinachekesha? Ni swali zuri. Katika mji huu wa Bujumbura ndilo swali gumu kuliko yote, na nitawajibu, ila nitazunguka kidogo kwanza, kwa sababu mtu wa umri wangu akienda moja kwa moja mnafikiri anaumwa.

Tatizo letu ni adabu. Mtu wa hapa ukimpa chai uliyoitia chumvi badala ya sukari, ataimaliza, atashukuru, atauliza habari za watoto, ataaga. Watakaoijua ile chumvi ni majirani zake. Sasa mtu huyo mwonyeshe katuni yako, huku wewe umesimama pembeni meno yote nje, halafu umuulize kama imemchekesha. Unategemea aseme nini? Atasema "nzuri sana". Mimi nimewahi kuambiwa "nzuri sana" kwa katuni ambayo sauti yake haikuwa inatoka kabisa. Yule bwana alitazama midomo ikichezacheza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema maneno yamemgusa.

Aliyenitoa kwenye mtego huo ni Mzee Kassimu, Mungu amrehemu, mchoraji wa mabango ya vinyozi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika brashi kabla sijajua kwamba mchoro unaweza kutembea. Alikuwa akimaliza bango, analitundika, anavuka barabara, ananunua karanga, anakaa kwenye kibao kutazama. Kinyozi mwenyewe hamuulizi kitu. Siku moja nilimuuliza tunangojea nini, akaniambia, "We tazama mikono. Mutu akipita hapa na akashika nywele yake, bango iko muzuri. Akisimama kusema iko muzuri, ujue hajaiona." Nilicheka, lakini tulikaa pale, na kweli, kila aliyepita alijipapasa kichwa bila kujua.

Nilipoanza kazi ya katuni nikaichukua hiyo mikono ya Mzee Kassimu nikaihamishia studio. Kila mgeni aliyekuja kutazama kazi yetu nilimpa chupa ya fanta. Watu walinisifu kwa ukarimu, na mimi niliwaacha wanisifu. Ukweli ni kwamba ile fanta ilikuwa kipimo changu. Mtu anayecheka kwa kweli hawezi kushika chupa: ataishusha, ataiweka chini, wengine wataimwaga kwenye suruali. Mtu anayecheka kwa adabu hunywa. Chupa inamsitiri mdomo, na macho yake yanatafuta mlango. Kwa hiyo wakati wengine wanatazama katuni, mimi nilikuwa natazama chupa.

Studio, nasema hivyo kwa kujipendekeza. Kilikuwa chumba nyuma ya garaji. Mwanzo tulikuwa na meza ya cherehani iliyotobolewa katikati, tukaweka kioo, chini yake taa, juu yake kamera iliyofungwa kwa waya. Umeme ukikatika tunachora, ukirudi tunapiga picha mbio mbio kabla haujakatika tena. Baadaye ikaja kompyuta, halafu ile sahani ya kuchorea, na mkono wangu ulikataa kuielewa kwa muda mrefu, kwa sababu nilichora huku na mstari ukatokea kule. Nyinyi mmezaliwa mnaijua. Lakini kichekesho hakijui kama umekichora kwa wino au kwa umeme, kikiwa kibovu kitakuwa kibovu kote kote.

Faida ya kukaa nyuma ya garaji ilikuwa mafundi. Ile adabu niliyoisema haikuwahi kuingia pale, iliogopa mafuta machafu. Ukiwaonyesha kitu kisichochekesha, mafundi wa Buyenzi wanarudi chini ya gari bila kukuaga. Mara moja tulitengeneza katuni ya fundi ambaye kila siku anasema gari litakuwa tayari kesho. Nusu ya mafundi walikuja kunigombeza kwamba nimewachora wao. Nusu nyingine walikuja kunigombeza kwamba nimemchora jirani na kuwaacha wao, ambao wana "kesho" nyingi zaidi.

Basi, kazi hiyo tulikuwa tunaifanya watu watatu. Mimi nachora. Deo, kijana wa Kinanira, anaandika. Na Espe, mtoto wa mama yake mdogo, anatoa sauti zote: mbuzi, bibi harusi, polisi, pikipiki inayokataa kuwaka. Deo na Espe walilelewa nyumba moja, kwa hiyo usingemwambia Espe kwamba Deo ni binamu, angekung'ata. Alikuwa kaka yake, basi.

Espe akapata mchumba. Kijana mpole anaitwa Landry, ambaye baada ya kufiwa na baba alilelewa na baba yake mkubwa, Mzee Silvestri wa Kinindo. Mzee Silvestri alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, lakini kazi yake hasa, ile aliyojulikana nayo mji mzima, ilikuwa kusema kwenye posa. Wale mnaosoma haya mkiwa mbali mjue kwamba posa kwetu ni mashindano ya midomo. Upande wa mume unaweka msemaji wake, anasimama, anaomba binti kwa maneno mazuri marefu, ya ng'ombe, ya mvua, ya undugu wa mababu. Upande wa mke nao una msemaji wake, ambaye anajifanya haelewi, anakataa kidogo, anauliza kama hao wageni hawajapotea njia, mpaka mwishowe anakubali. Watu wakirudi nyumbani hawamwongelei binti, wanawaongelea wasemaji.

Upande wa mume angesema Mzee Silvestri. Upande wa Espe, kwa kuwa baba yake alishafariki, Espe mwenyewe alimtaka Deo. Wazee wa kwao walikubali kwa sababu Deo alikuwa anaishi kwa maneno, ingawa walikuwa hawajawahi kuyasikia.

Wiki chache kabla ya posa, Mzee Silvestri akaomba kuja kuona mahali anapofanya kazi huyu binti anayekuja kwao. Akaja, suti, kofia, viatu vinang'aa katikati ya oili ya garaji. Tukamkaribisha, nikampa fanta yake, akasema, "Munionyeshe ile munafanya sasa." Tulichokuwa tunafanya wakati huo ni katuni ya Mzee Hotuba.

Nawaelezeni ilivyokuwa. Mzee Hotuba anasimama kwenye sherehe kusema machache. Anaongea, na sauti yake ni ya Espe iliyokimbizwa na kompyuta, bwabwabwabwa, bila neno hata moja. Maua ya mezani yananyauka. Vijana wanaota ndevu. Mtoto anaondoka kwenda shule na kurudi na cheti. Mwishoni mzee anasema "Kwa kifupi..." na kuanza upya. Mafundi walikuwa wamecheka vizuri, na Deo aliipenda katuni ile kuliko chakula.

Mzee Silvestri alitazama mpaka mwisho. Akasema, "Nzuri sana." Alipofika mlangoni akasema tena, "Nzuri sana, kwa kweli." Deo alirukaruka. Mimi sikuruka, kwa sababu nilikuwa nimeshika ile chupa yake. Ilikuwa imekauka. Tangu mwanzo wa katuni hadi mwisho hakuishusha hata mara moja.

Siku zilizofuata nilimwona Landry anaingia studio bila kupiga hodi, jambo ambalo siku nyingine kijana yule hakuwa na ujasiri wa kulifanya.

"Kwetu wanaomba muda," akasema, anaangalia sakafu.

"Muda wa nini?" Espe akauliza.

"Sijui. Baba mukubwa anasema tusikuwe na haraka. Anasema posa ingoje kidogo."

Kwa hapa kwetu "posa ingoje kidogo" inaweza kungoja mpaka bibi harusi awe bibi kweli. Espe alivua zile spika za masikioni, akaziweka mezani polepole, akatugeukia. "Mumeniua na katuni yenu! Mi nataka kuolewa, nyinyi munataka kuchekesha garaji! Hamukuona ni yeye? Mutu wa hotuba, munamuonyesha mutu wa hotuba!"

Deo akaamini kwamba dawa ni kumfanya Mzee Hotuba asifanane na Mzee Silvestri, na mimi nikamsikiliza, kwa kuwa nilikuwa na hofu. Nikamvua kofia. Nikamvua suti nikamvisha shati. Nikampunguza tumbo, nikamtoa mvi, nikamwondolea fimbo. Tulipomaliza, Mzee Hotuba alikuwa kijana wa sekondari anayesumbua watu harusini bila sababu yoyote. Tukamtumia Landry kwenye simu, Landry akamwonyesha baba mkubwa, na jibu likarudi: amesema ni nzuri sana.

Espe aliposikia hivyo alikaa chini sakafuni. Siku ile tulikuwa na sauti ya mbuzi ya kurekodi. Alisimama mbele ya maikrofoni, akafungua mdomo, mbuzi hakutoka. Akajaribu tena, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana anayejizuia kulia. Niliumia sana. Yule binti alikuwa anaweza kutoa mbuzi akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa na jino linalouma, na sasa tulikuwa tumemfanya nini? Nikafunga kompyuta nikamwambia Deo avae shati safi, tunakwenda Kinindo.

Mnajua jinsi tunavyotembeleana. Hakuna mtu anayeingia na kusema kilichomleta. Tulikaa kwa Mzee Silvestri tukaongea mvua, tukaongea maji ya ziwa na jamaa zake wa Gatumba waliohamishwa na mafuriko, tukaongea goti langu, tukarudi kwenye mvua. Deo alikuwa anatetemesha mguu. Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu neno lenyewe haliongelewi kwenye viti. Linaongelewa wakati wa kusindikizwa. Mwenyeji anakutoa mpaka getini, anakupeleka mpaka kwenye kona, na hapo katikati, mkiwa mnatazama mbele na hakuna anayemwona mwenzake usoni, ndipo linapotoka. Vijana siku hizi mnasindikizwa kwa pikipiki, ndiyo maana hamjui chochote.

Tulipopita geti Mzee akakohoa. "Mama Zulfa. Ile katuni."

"Ndiyo, Mzee. Tunaomba radhi. Hatukutaka kukuchora wewe."

Akasimama katikati ya barabara. "Kunichora mi? Nani amenichora?"

"Si yule Mzee Hotuba..."

"Ule? Ule si mi!" Alikasirika kweli sasa, kofia ikasogea. "Ule hana hata neno moja! Bwabwabwa, bwabwabwa, kama moteri. Mi nilikaa pale nangojea maneno mupaka ikaisha. Nikasema, pengine mashine yao imeharibika, nisiwapatishe haya."

Deo, maskini, akajitetea. "Mzee, kichekesho ni vile anaongea sana."

"Anaongea sana, bon. Sasa kwa nini watu hawaendi?" Akamkazia macho. "Jibu. Mutu akiongea mubaya, watu wanatoka, wanaenda kujisaidia, hawarudi. Mi nimeona. Hakuna kucheka pale, kuko viti tupu. Taabu ni ule anaongea muzuri. Nyama iko kwa moto, inaungua, mwenye nyama anajua inaungua, lakini anasema, ngoja nisikie hii moja. Na ile moja ikiisha inakuja ingine, tamu kupita. Voilà. Pale mi ningecheka."

Wanangu, nilisimama kwenye ile barabara ya Kinindo na moyo ulinipiga. Kichekesho chote kilikuwa kimelala pale siku zote, na sisi tulikuwa tumekikalia. Nilimtazama Deo nikaona na yeye amekiona. Ni maumivu mabaya na matamu, na kama hamjawahi kuyapata bado hamjaanza kazi.

Lakini Mzee alikuwa hajamaliza. Akamwonyesha Deo kwa kidole. "Na sasa muniambie. Huyu ndiye atanijibu siku ya posa?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

"Mutu anaandika bwabwabwa ndiye atanijibu mi? Mama Zulfa, nikimushinda huyu kijana mbele ya watu, hawatamucheka yeye. Watamucheka Espe. Watasema kwao hakuna mudomo. Ataingia kwetu na ile haya, na ile haya haitoki. Mi nampenda ule mutoto. Ndiyo nikaomba muda, mutafute mwingine."

"Si ungetuambia!"

"Ningesema namna gani? Mulinipokea vizuri, mukanipa fanta."

Tukarudi na habari. Espe alisikiliza yote, akafuta uso, akasema hakuna kutafuta mwingine. "Deo asiposema, hakuna posa. Landry ataniona kwa dirisha." Nilimpelekea Mzee jibu hilo. Akasema basi, tuifanye tena ile katuni. Akiona maneno ndani yake, atajua.

Sasa ikawa kazi. Kila Jumamosi Deo alikwenda kwenye posa za watu asiowajua, anakaa nyuma ya wazee na kusikiliza, anarudi na maneno. Ile hotuba tuliyokuwa tumeificha chini ya kelele ilibidi iandikwe kweli, na iwe nzuri kweli, la sivyo kichekesho hakisimami. Alichana karatasi nyingi. Hatimaye akapata ya ng'ombe aliyetoka asubuhi kwenda malishoni, akayapita malisho yote asionje, wenyewe wakamfuata kwa hofu kwamba ni mgonjwa, wakamkuta amesimama mbele ya boma la watu wasiowafahamu, ametulia, amekataa kurudi. "Nasi tukasema, anayependwa na ng'ombe wetu hivi, na sisi tumsalimu." Espe aliisoma kwa sauti ya mzee, polepole, bila kukimbizwa. Mimi nikachora mchoma mishikaki na upepeo wake umesimama hewani, machozi yanamdondokea kwenye nyama. Nikachora mwizi wa viti anayefika, anasikiliza kidogo, anavuta kimojawapo cha viti alivyoiba na kukikalia.

Tukawaonyesha mafundi. Hawakucheka! Walisimama na spana mikononi, wamenyamaza, wanasikiliza habari za ng'ombe. Deo alikuwa anataka kufa. Halafu mmoja akanusa, akageuka, akaona birika lao la chai limechemka mpaka likakauka na linaanza kuungua, na hakuna aliyelikumbuka. Akapiga kelele. Wote wakatazama birika, wakatazama mishikaki ya kwenye katuni, garaji zima likaanguka kwa kicheko. Wanangu, kumbukeni hili: kimya cha mtu anayesikiliza si kimya cha mtu aliyechoka. Ukichanganya hivyo viwili utakata sehemu nzuri na kubakiza mbovu.

Siku ya Mzee Silvestri ikafika. Suti ile ile. Fanta nikampa. Espe alijifungia kwenye kichumba tulichokitenga kwa kurekodia akachungulia kwa tundu. Katuni ikaanza, ng'ombe akatoka, akapita malisho ya kwanza, moshi wa nyama ukaanza kupanda, na umeme ukakatika.

"Musizime!" Mzee akasema.

"Ni umeme, Mzee."

"Na ng'ombe?" Akamgeukia Deo. "We uliandika. Endelea na mudomo."

Deo hakuwa tayari. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, jasho linamtoka, mtu aliyezoea kujificha nyuma ya michoro yangu na sauti ya Espe. Akaanza kwa sauti ya chini. Akajikwaa, akarudi nyuma, akaanza tena. Alipofika pale ng'ombe anapokataa kurudi, akasahau kwamba anaogopa. Aliinua mkono, aliacha nafasi mahali panapotaka nafasi, akateremsha sauti mahali ambapo mimi ningepaza. Nikatazama chini. Chupa ilikuwa sakafuni, imejaa nusu, na mikono ya Mzee ilikuwa juu ya magoti.

Deo akamaliza. Mzee akasema, "Mwanzo ni mubaya."

Nilitaka kumbusu.

"Mwanzo mubaya sana. Unaingiza ng'ombe mbele hujasalimia wenyeji, unakimbilia wapi? Katikati si mubaya. Ile ya mwisho ni yangu, uliisikia kwangu kwa posa moja, uliiiba, lakini umeiiba vizuri." Akaendelea hivyo, anakata hapa, anaongeza pale, anamrudisha Deo aseme tena, anamgombeza, na Deo anajibu, na wakawa wanagombana. Kule ndani nilimsikia Espe akicheka na kulia pamoja. Mtu wa hapa hakosoi kazi ya mgeni. Anakosoa kazi ya mtoto wake. Kabla hajaondoka alimwambia Landry kwa simu, mbele yetu, kwamba siku ya posa itajwe.

Ikatajwa. Kinanira, uani kwa mama yake Espe, maturubai, watu wamejaa, mimi na mtandio wangu mpya upande wa wanawake. Deo nilimwona asubuhi, nikamuuliza kama ameandika. Akasema aliandika kurasa na kurasa, akazichana. "Mama Zulfa, kwa urefu simuwezi ule muzee." Nikamwambia basi asishindane kwa urefu. Sikumwambia zaidi, kwa sababu nilikuwa sina zaidi.

Mzee Silvestri akasimama. Kwa Kirundi, bila shaka, na siwezi kuwatafsiria yote, hata sijaribu. Alianzia kwa mababu. Alipitia milima, mito, mwaka wa njaa ambao babu wa hawa alimpa babu wa wale mbegu. Watoto walinyamaza. Mchoma nyama, na hii naapa, alisimama na upepeo mkononi. Alipomaliza kuomba watu walipumua kwa pamoja, wakamgeukia Deo.

Deo akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akatazama watu wote, taratibu, mpaka tukadhani amepotelewa na maneno, na mama yake Espe akanishika mkono.

"Oya," akasema. Yaani hapana. Akakaa.

Kwanza kimya, halafu uani kote kicheko. Mzee Silvestri alibaki amesimama, mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kujibu hotuba nzima, hakuna hotuba. Akajikusanya, akaanza tena, tamu kuliko ya kwanza: akaleta ng'ombe, akaleta mvua, akaleta Landry akiwa mdogo, alivyoletwa kwake baada ya msiba akiwa amelala begani na kiatu kimoja. Hapo kuna wanawake waliotoa vitambaa. Deo akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Oya." Akakaa.

Watu walikuwa wanashikana. Hata Landry, aliyetakiwa kutulia, alikuwa ameinama anatikisika mabega. Na Mzee Silvestri akavuta pumzi kuanza mara ya tatu, nikaona ile pumzi haileti kitu. Alimtazama Landry. Alimtazama kwa muda. Mtu yule niliyemjua, ambaye hakuwahi kukosa neno, alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Ndabasavye," akasema. Nawaomba. Neno hilo tu, tena sauti ilimkatikia katikati.

Hakuna aliyecheka. Deo alisimama haraka safari hii, koti wazi, macho yamejaa maji.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena. Espe alitolewa ndani hata kabla wakati wake haujafika, kwa sababu alitoka mwenyewe. Katikati ya vurugu hiyo Mzee Silvestri alipita kwenye kiti changu, analia waziwazi, anajifuta kwa kofia. Akaniinamia sikioni.

"Mama Zulfa," akasema, "ile oya ya pili, angengoja kidogo."

Nikamwambia hata mimi nimeliona hilo.